Hesabu ya Hewa Huanzia Stoo

Alfajiri ya tarehe 13 Februari 1981, gari lililobeba wanawake wawili wakielekea kazini lilipita chini ya daraja la reli mjini Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani, na barabara ikalipuka. Cheche ya gari ilikuwa imekutana na mvuke uliojaa kwenye mabomba ya majitaka chini ya lami. Mlipuko ulifuata mabomba hayo kwa zaidi ya kilomita 3, vifuniko vya chemba vikaruka juu, na mitaa ikageuka mahandaki. Watu wanne walijeruhiwa. Kwa bahati njema hakufa mtu. Mvuke ule ulikuwa wa heksani, na ulitoka kwenye kiwanda cha soya cha kampuni ya Ralston Purina.

Heksani ni kimiminika kinachotumika karibu dunia nzima kunyonya mafuta yanayobaki kwenye mbegu au mashudu. Iliyopotea Louisville ilikuwa maelfu ya galoni. Kiasi kama hicho hakitoki tangini bila kuacha pengo, na pengo hilo humwonekania mtu yeyote anayepima kina cha tangi kwa dipu asubuhi na kulinganisha na daftari la jana. Kwa kiwanda cha viambato vya chakula, basi, upimaji wa hewa chafu hauanzi siku mtaalamu wa maabara anapofika na vyombo vyake na kupanda bomba la moshi. Unaanzia stoo, kwenye leja ya kilichoingia, kilichotumika na kilichobaki.

Viambato ni vile vitu ambavyo mlaji huvila bila kuvitaja: mafuta ghafi yanayokwenda kusafishwa, wanga wa mahindi au mihogo, sukari, hamira, unga wa soya, ladha za viwandani, mafuta ya makonyo yanayokenekwa Pemba. Viwanda vyake havina sura ya uchafuzi. Harufu yao ni ya chakula, moshi wao ni wa pumba au bagasi, vumbi lao ni unga. Ndiyo maana wenye viwanda hivyo hushtuka mkaguzi anapowaandikia barua, kana kwamba barua ile ilikuwa ya kiwanda cha saruji cha jirani.

Kwa upande wa sheria, nchi za Afrika Mashariki hazitofautiani sana kimsingi. Tanzania Bara inatumia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 pamoja na kanuni za viwango vya ubora wa hewa za 2007. Msimamizi wa siku hadi siku amekuwa NEMC, na viwango vyenyewe vinapitia Shirika la Viwango, TBS. Zanzibar ina sheria yake ya 2015 na mamlaka yake, ZEMA. Kenya ina sheria kuu ya mazingira ya 1999 chini ya NEMA, kanuni za tathmini na ukaguzi wa mazingira za 2003 zinazodai ukaguzi wa kila mwaka, na kanuni za ubora wa hewa, ambazo toleo lake la 2014 lilileta leseni ya kutoa hewa chafu. Hewa ya ndani ya kiwanda, ile anayovuta mfanyakazi, ina wenyewe: OSHA kwa Tanzania kwa sheria ya 2003, na idara ya usalama na afya kazini kwa Kenya kwa sheria ya 2007. Anayeagiza heksani Tanzania anakutana pia na Mkemia Mkuu wa Serikali, anayesajili wanaoshughulika na kemikali za viwandani. Kanuni hubadilika, kwa hiyo mwenye kiwanda apate toleo linalotumika sasa pamoja na majedwali yake, si nakala aliyopewa na rafiki miaka mitano iliyopita.

Kuna karatasi moja inayombana kuliko zote, nayo mara nyingi imefungiwa kabatini. Ni cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira, hasa kile kiambatisho cha masharti. Humo ndimo imeandikwa nini kipimwe, mara ngapi, na ripoti iende kwa nani. Wengi walilipa mshauri aandae tathmini, wakapata cheti, wakakitia fremu ukutani, na masharti hawakuyasoma tena. Mkaguzi huanza na hayo masharti.

Kazi ya kwanza basi ni ya miguu. Meneja achukue ramani ya kiwanda, atembee na fundi wa boila na mtunza stoo, na aweke namba kila mahali ambapo hewa ya kiwanda hutoka: bomba la boila, bomba la jenereta, matundu ya kukaushia, saikloni za kinu, pumulio la tangi la kuyeyushia, mahali lori linapomwaga mahindi, hata bwawa la majitaka. Namba ile ipakwe rangi kwenye bomba lenyewe, na iwe ileile kwenye maombi ya leseni, kwenye karatasi ya maabara na kwenye ripoti ya mwaka. Jambo dogo hili huokoa ugomvi mwingi. Ripoti nyingi hutaja "bomba la boila" katika kiwanda chenye boila tatu, na hakuna anayejua lipi lilipimwa.

Kila namba ikishapatikana, swali linalofuata ni namna gani ya kupima inaifaa, na hapa viwanda vya mafuta vina somo zuri kuliko vyote.

Marekani ilipotoa kanuni ya hewa kwa viwanda vinavyokamua mbegu kwa kiyeyushi, tarehe 12 Aprili 2001, haikuagiza kila bomba liwekewe kifaa cha kupimia heksani. Sababu ni rahisi: heksani haina mlango mmoja wa kutokea. Inavuja kwenye sili za pampu, kwenye vali, kwenye pumulio la tangi, inatoka na mashudu yakiwa bado na uvuguvugu, inatoka na maji machafu. Ukipima bomba moja umepima hadithi moja. Kwa hiyo kanuni inadai hesabu. Kiwanda kichukue akiba ya mwanzo wa mwezi, kijumlishe iliyopokelewa, kitoe iliyobaki mwisho wa mwezi; kinachosalia kimekwenda hewani mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kiasi hicho kinagawanywa kwa tani za mbegu zilizochakatwa, na kipimo huangaliwa kwa jumla ya miezi 12 ya uzalishaji, kila mwezi mpya ukiingia na wa zamani ukitoka.

Kwa alizeti, kiwanda kilichokuwapo kabla ya kanuni hiyo kiliruhusiwa kupoteza galoni 0.4 kwa kila tani ya Kimarekani. Kwa vipimo vya huku hiyo ni takriban lita 1.7 kwa tani ya kilo 1,000, na kwa kuwa lita moja ya heksani ina uzito wa kama kilo 0.66, ni kilo 1.1 hivi. Umoja wa Ulaya ulifika karibu palepale kwa njia yake: kilo 1.0 kwa tani ya alizeti katika sheria yake ya viyeyushi ya 1999, na baadaye, katika maamuzi ya Novemba 2019 kuhusu mbinu bora kwa viwanda vya chakula, vinywaji na maziwa, ukashusha hadi kati ya kilo 0.2 na 0.7.

Tuseme kiwanda cha Singida, ambako alizeti ndiyo zao la mjini na vijijini, kimeanza Machi na lita 42,000 tangini. Kikapokea lita 12,000. Mwisho wa mwezi dipu inaonyesha 45,500. Zimepotea lita 8,500. Kama kilichakata tani 4,000 za mbegu, hasara ni lita 2.1 kwa tani, na kwa kipimo cha Marekani kimezidi kwa karibu lita 1,800 katika mwezi mmoja. Hizo lita zilinunuliwa, zikasafirishwa, zikalipiwa ushuru. Mhasibu ambaye hakujali neno "hewa" hata siku moja atalijali hapa.

Hesabu hii ina mitego yake, na mitego hiyo ndiyo ufundi wenyewe. Heksani hutanuka kwa joto kuliko maji: ikipanda nyuzi 10, lita 45,500 zinaongezeka kwa zaidi ya lita 600 bila tone moja kuongezwa. Anayepiga dipu saa nane mchana mwisho wa Machi na saa moja asubuhi mwisho wa Aprili amejitengenezea uvujaji ambao haupo. Dipu ipigwe saa ileile, asubuhi kabla jua halijapiga tangi, na joto la kimiminika liandikwe pembeni. Mtego wa pili ni mapokezi. Mtunza stoo akiandika namba ya ankara badala ya namba ya mizani, na lori likawa limepunguka lita 400 njiani, kiwanda kimekubali kwa maandishi kwamba kimechafua hewa kwa lita 400 ambazo hakikuziona. Mtego wa tatu uko ndani ya mitambo: mashine ya kunyonyea inapofanya kazi imeshika maelfu ya lita, ikisimama imeshika kidogo. Hesabu ya mwezi ichukuliwe mitambo ikiwa katika hali ileile, au kiasi kilichomo ndani kikadiriwe na kuandikwa.

Hasara ikipanda kweli, fundi hana haja ya kutafuta kote. Aanze na maji ya kupoozea. Yakiwa ya moto au kondensa ikiwa na utando, mvuke haurudi kuwa kimiminika. Aende kwenye mashine ya kuondoa heksani katika mashudu aangalie presha ya mvuke. Kisha aangalie mnara wa mwisho wenye mafuta ya madini, ule unaonasa mvuke kabla hewa haijatoka nje, kwa sababu mafuta hayo huchoka na mara nyingi hakuna aliyepewa kazi ya kuyabadilisha. Na asisahau maji machafu. Mvuke wa heksani ni mzito kama mara tatu ya hewa, unatambaa chini, unakaa mitaroni, na unaweza kuwaka ukifika asilimia 1.1 tu ya hewa. Wakazi wa Louisville wanalijua hilo.

Afya nayo imo. Heksani ya kawaida ikivutwa kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguu na mikono. Mfanyakazi huanza na ganzi vidoleni, na daktari asiyeulizia kazi yake anaweza kumtibu kisukari.

Hesabu ya stoo haifai kila mahali, na hamira ndiyo inayoonyesha mpaka wake. Kiwanda cha hamira hulisha vijidudu molasi huku kikipuliza hewa nyingi ndani ya tangi. Molasi ikizidi kasi ya hewa, vijidudu huanza kutengeneza ethanoli na asetaldehaidi, na hewa ile inayopulizwa huvibeba vyote viwili nje. Hakuna ankara ya asetaldehaidi; hakuna aliyeinunua, haimo kwenye leja. Kanuni ya Marekani ya 2001 kwa viwanda hivi iliweka ukomo kwa kila hatua ya kukuza hamira: sehemu 300 kwa milioni katika hatua ya tatu kutoka mwisho, 200 katika ya pili, 100 katika ya mwisho, kwa wastani wa mzunguko mzima wa tangi. Mwanzoni kiwanda kiliruhusiwa kupima ethanoli iliyomo kwenye mchanganyiko wa tangi na kukisia kutoka hapo kinachotoka hewani. Ilikuwa nafuu. Oktoba 2017 shirika la mazingira la Marekani, EPA, likaifuta njia hiyo, kwa kuwa uhusiano kati ya ethanoli ya ndani na hewa ya nje haukuwa wa kuaminika vya kutosha. Sasa hewa yenyewe ndiyo inayopimwa.

Mwenye kiwanda cha Tanga au Thika anaweza kuuliza hilo linamhusu nini. Linamhusu kwa sababu kila mara atakapoandika kwenye ripoti namba iliyotokana na kukisia, mkaguzi makini atauliza ukisio huo ulilinganishwa lini na kipimo halisi. Jibu liwe na tarehe.

Sasa bomba la boila, ambalo ndilo kila mtu huliwazia kwanza. Hapa kweli inahitajika maabara inayotambuliwa na mamlaka husika, na cheti cha utambuzi kiombwe kabla ya bei. Lakini kuna mambo matatu ambayo maabara bora kabisa haiwezi kumfanyia mwenye kiwanda.

La kwanza ni tundu la kupimia. Vumbi la bomba hupimwa kwa kunyonya moshi kwa kasi ileile ambayo moshi wenyewe unapita. Ukinyonya haraka au polepole kuliko hapo, chembe kubwa na ndogo haziingii kwa uwiano wake. Hilo linawezekana tu mahali ambapo moshi umenyooka. Utaratibu wa EPA, ambao maabara nyingi hufuata, unapenda tundu liwe umbali wa vipenyo 8 vya bomba baada ya kona na vipenyo 2 kabla ya mdomo wa juu. Bomba la kipenyo cha sentimita 60 linahitaji basi mita 4.8 zilizonyooka chini ya tundu na mita 1.2 juu yake. Nafasi isipopatikana, utaratibu unaruhusu kupungua hadi vipenyo 2 chini ya tundu na nusu kipenyo juu yake, lakini vipimo vinaongezeka na imani inashuka. Kukata tundu na kujenga jukwaa lenye ngazi wakati bomba bado liko chini kwa mchomeleaji ni kazi ya siku moja. Kuifanya bomba likiwa juu na boila ikiwaka ni habari nyingine, na kuna viwanda ambavyo mpimaji alifika, akaangalia juu, akarudi mjini na ankara yake ya usafiri.

La pili ni mzigo. Boila ipimwe ikifanya kazi kama inavyofanya kazi siku za kawaida za msimu. Kiwanda cha sukari kikipimwa mwezi wa matengenezo, boila moja ikiwaka nusu, kipimo kitapendeza na hakitasaidia. Karatasi ya maabara iandikwe tani za mvuke kwa saa, aina ya kuni au bagasi, na unyevu wake; bagasi itokayo kwenye vinu huwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na mvua ikiilowesha zaidi uwanjani, moshi hubadilika rangi saa ileile.

La tatu ni oksijeni, na hapa ndipo wengi hudanganyika bila kudanganywa. Tuseme karatasi inasema vumbi ni miligramu 90 kwa mita ya ujazo. Mwongozo wa IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha sekta binafsi, kwa boila ndogo za kuni, pumba na makaa unataka 50, au mpaka 150 pale tathmini ya mazingira inapokubali. Meneja anapumua. Kisha mkaguzi anatazama mstari wa chini: oksijeni kwenye moshi ilikuwa asilimia 16. Maana yake ni kwamba hewa nyingi safi imeingia kupitia milango na nyufa na kuupunguza makali moshi. Mwongozo ule unataka namba irekebishwe kufikia oksijeni ya asilimia 6. Hewa ya kawaida ina oksijeni kama 21; kutoa 6 kunabaki 15, kutoa 16 kunabaki 5, na 15 kwa 5 ni mara tatu. Vumbi halisi ni miligramu 270. Hakuna aliyeghushi kitu. Namba ilisomwa tu bila mwenzake. Kwa hiyo meneja akipokea karatasi ya maabara aulize maswali mawili kabla ya chai: namba hii ni ya oksijeni gani, na ni ya joto na presha gani? Majibu yakikosekana, karatasi irudishwe.

Vumbi la unga, wanga na sukari lina sura yake. Mara nyingi linakusanywa na mifuko ya chujio, na mifuko hiyo ina geji ndogo inayoonyesha tofauti ya presha kati ya upande mchafu na msafi. Geji hiyo ndiyo kifaa cha bei nafuu kuliko vyote vya kufuatilia hewa, na ndiyo inayopuuzwa kuliko vyote. Presha ikipanda, mifuko imeziba. Hilo wote wanalijua kwa sababu uzalishaji unakwama. Presha ikishuka ghafla, wengi hufurahi. Wangepaswa kukimbia: mfuko umechanika, na unga unatoka nje kwa raha zake. Kusoma geji kila zamu na kuandika namba, jina na saa hakugharimu kitu. Februari 2008 vumbi la sukari lililipuka katika kiwanda cha Imperial Sugar huko Port Wentworth, Georgia, na watu 14 wakafa. Vumbi lile lilikuwa limelala ndani ya jengo, juu ya mihimili na mashine. Linalotoka nje humkera jirani. Linalobaki ndani laweza kuua zamu nzima.

Mpaka kati ya hewa ya ndani na ya nje ndio unaowapoteza watengenezaji wa ladha. Mwaka 2000 wafanyakazi wanane waliowahi kufanya kazi katika kiwanda kimoja cha bisi mjini Jasper, jimbo la Missouri, walionekana na ugonjwa mbaya wa njia ndogo za hewa mapafuni, ambao hauponi. Chanzo kilifuatiliwa hadi kwenye ladha ya siagi, na hasa daiasetili, kitu ambacho ni halali kabisa kuliwa. Chakula salama tumboni kilikuwa sumu kifuani. Baadhi ya viwanda vikahamia ladha mbadala, na mojawapo, pentanedioni, nayo ikaonekana kudhuru mapafu. Taasisi ya utafiti wa afya kazini ya Marekani, NIOSH, ilipendekeza mwaka 2016 ukomo wa sehemu 5 kwa bilioni kwa daiasetili katika zamu ya kazi. Leseni ya hewa ya nje haitamwambia mtu hayo. Kiwanda chenye kibali safi cha NEMA au NEMC bado kinaweza kuwa kinamuumiza kijana anayechanganya ladha juu ya tangi lililo wazi, na ripoti ya OSHA itafutwe kwa njia yake, kwa vifaa vinavyovaliwa na mfanyakazi mwenyewe karibu na pua.

Nje ya ukuta, mambo yanaamuliwa na upepo. Mwambao wote kuanzia Mombasa hadi Mtwara una majira mawili ya pepo: kaskazi inavuma kati ya Novemba na Machi hivi, kusi katikati ya mwaka. Kiwanda kilichopima vumbi uzioni mara moja tu, mwezi Januari, kimewapima majirani wa upande mmoja. Julai vumbi lilelile liko kwa wengine, na hao ndio watakaoandamana. Vipimo vya uzioni vifanywe katika majira yote mawili, na ripoti ieleze siku ile upepo ulitoka wapi. Kwa harufu, ambayo vifaa vya kawaida havijui kuipima, daftari la malalamiko ndilo kipimo: tarehe, saa, aliyelalamika anakaa wapi, upepo, na kiwandani kulikuwa kunafanyika nini saa ile. Baada ya miezi michache daftari huanza kusema. Malalamiko ya jioni ya siku bwawa linapokorogwa hayahitaji mtaalamu kuyafasiri, na mama anayeanua nguo zake zenye masizi ya bagasi ana ushahidi mkononi.

Vifaa vidogo vya kupima chembe laini vimekuwa rahisi kupatikana, na mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umeonyesha kwamba vinaweza kutengenezwa na kuendeshwa hapahapa Afrika Mashariki. Kiwanda kikiweka viwili, kimoja kila upande wa upepo, kitajua lini kinachafua na lini vumbi linatoka barabarani. Ila vifaa hivyo husoma zaidi pale hewa inapokuwa na unyevu mwingi, jambo la kila siku Pwani, kwa hiyo vilinganishwe na kifaa cha maabara angalau mara moja. Ni vya kumwamsha meneja. Kwa leseni havitoshi peke yake.

Inabaki ripoti. Ziko za aina tatu na zisichanganywe. Ya kawaida ina tarehe yake: Marekani, kwa mfano, viwanda vyenye wafanyakazi 10 au zaidi vinavyovuka viwango fulani vya kemikali zilizoorodheshwa huripoti kila mwaka ifikapo tarehe 1 Julai, kwa sheria ya 1986 iliyopitishwa baada ya maafa ya gesi ya Bhopal ya 1984, na namba zao huwekwa wazi kwa umma. Ya pili ni ya kuvuka ukomo. Hii ndiyo wengi huificha, na kuificha ni hesabu mbaya, kwa sababu geji, leja na karatasi za maabara zitaisema tu mwaka wa ukaguzi. Barua fupi inatosha: nini kilizidi, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, kwa nini, kimefanyika nini, na kinachofuata kitakamilika lini. Ya tatu ni ya ajali, nayo haisubiri barua. Kiwanda chenye vyumba vya baridi vya amonia kingejifunza kwa Wamarekani, ambao kwao kuvuja kwa kilo 45 ndani ya saa 24 ni simu ya papo hapo kwa serikali. Namba hiyo ya simu, ya huku si ya kwao, ibandikwe chumba cha boila na getini kwa mlinzi, kwa sababu amonia hupenda kuvuja usiku meneja akiwa nyumbani.

Anayesaini ripoti ya mwaka awe mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha mtambo, si mshauri aliyeajiriwa wiki mbili. Mshauri aandae, mwenye kiwanda asome na kuuliza. Kumbukumbu zikae miaka mitano, muda ambao Marekani inaudai kwa viwanda vyenye vibali vikubwa vya hewa, na ambao unatosha kuonyesha mwelekeo hata pale sheria ya nchi inaporidhika na pungufu. Na zile karatasi za awali, zenye kalamu ya zamu ya usiku, madoa ya grisi na namba zilizokatwa kwa mstari mmoja na kuandikwa upya pembeni, zisitupwe baada ya kuingizwa kwenye kompyuta. Jedwali lililochapwa vizuri, lisilo na kosa hata moja kwa miezi 12, ndilo linalomfanya mkaguzi mzoefu avue koti na kukaa.